Neno la Herufi Tatu

  Msimamizi wa darasa, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo ili na walio nyuma wasikie. Wenye kijitabu, fungueni mahali palipoandikwa Somo la Mpira. Maneno nitakayoyasema yamepigwa chapa humo, ili kesho mweze kuyasoma tena polepole, kila mtu kwa mwendo wake.

Juma lililopita tulisoma habari za mbolea na mashimo ya takataka. Leo twende uwanjani. Najua wengine mtasema, "Mwalimu, mpira si somo, mpira ni mchezo." Ngojeni kwanza. Kazi yetu hapa ni kusoma na kuandika, na kusoma na kuandika ni kazi ya maneno. Nami sijui mahali ambapo maneno hutupwa ovyo kama uwanjani.

Mnamkumbuka Victor Wanyama? Mkenya huyu alinunuliwa mwaka 2016 na kilabu ya Tottenham Hotspur, iliyo upande wa kaskazini wa jiji la London, akaichezea mpaka mwaka 2020. Kwa ajili yake watu wengi wa huku kwetu ambao hawakuwa na habari na Tottenham walianza kuitazama. Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi katika kibanda cha kuonyeshea mpira, nimelipa kiingilio changu, na kila Wanyama alipompokonya mtu mpira niliwasikia watazamaji wa kule wakiimba kwa furaha. Katika nyimbo zao lilikuwamo neno moja fupi, lenye herufi tatu tu, likirudiwa tena na tena pamoja na makofi. Ni neno jepesi mdomoni. Nasi tukaliimba, kibanda kizima, hakuna aliyejua maana yake. Nilipoipata maana baadaye niliona haya. Kisha nilipozidi kuuliza, nikaona jambo lenyewe si jepesi kama nilivyodhani, ndiyo sababu nimewaletea ninyi mlipime.

Neno lenyewe sitalitamka, wala halikupigwa chapa katika kijitabu. Waingereza wanapolijadili magazetini, wengi wao huliita neno la herufi Y, kwa sababu hiyo ndiyo herufi yake ya kwanza. Nasi tuliite hivyo.

Zamani neno la herufi Y lilikuwa neno la kawaida kabisa. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na lugha yao iitwayo Kiyidishi, na katika lugha hiyo maana yake ni Myahudi, basi, hakuna zaidi. Baada ya mwaka 1881 Wayahudi wengi waliyakimbia mateso katika dola ya Urusi. Maelfu yao walishuka London, wakapanga vyumba katika mitaa ya mashariki ya jiji, wakawa mafundi cherehani, maseremala na wachuuzi. Palikuwa na wenyeji waliowachukia. Hao walilichukua lile jina ambalo wageni walikuwa wakijiita wenyewe, wakaligeuza kuwa tusi. Herufi ni zile zile tatu, lakini mdomo umebadilika.

Katika miaka ya 1930 Uingereza ilikuwa na chama cha Mafashisti kilichoongozwa na Oswald Mosley. Wafuasi wake walivaa mashati meusi. Walipopita katika mitaa ya Wayahudi walikuwa wakiliimba neno hilo, na kusema kwamba watu hao waondolewe. Tarehe 4 Oktoba 1936 walitaka kuandamana kupitia mitaa hiyo ya mashariki, na wakazi, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakaweka vizuizi katika njia iitwayo Cable Street, wakawazuia. Basi mtoto aliyekua katika mitaa ile alilisikia neno hilo likija pamoja na kishindo cha viatu vya watu wanaomtafuta. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Hitler iliua Wayahudi wapatao milioni 6, idadi kubwa yao kwa kufungiwa katika vyumba na kutiliwa gesi ya sumu. Likumbukeni jambo hili la gesi, tutalirudia.

Sasa mpira unaingiaje? Wayahudi wa London walipenda mpira kama watu wengine wote. Siku ya mchezo wengi walipanda tramu na gari la moshi kwenda kaskazini kuitazama Tottenham. Wengine walikwenda kwa Arsenal, jirani na mpinzani wa Tottenham, na mpaka leo kilabu zote mbili zina mashabiki wa Kiyahudi. Lakini sifa ya kuwa "kilabu ya Wayahudi" iliiangukia Tottenham. Ajabu ni kwamba tarehe 4 Desemba 1935 timu ya Ujerumani ya Hitler ililetwa kucheza na Uingereza, na uwanja uliochaguliwa ulikuwa huo huo wa Tottenham. Vyama vya wafanyakazi na Wayahudi walilalamika, serikali haikuuzuia mchezo. Bendera ya Hitler ikapandishwa juu ya uwanja, na mtu mmoja akapanda paa akaiteremsha. Uingereza ilishinda magoli 3 kwa sifuri.

Vita vikapita. Ilipofika miaka ya 1970, watazamaji wa timu pinzani walikuwa na desturi ya kuwatukana mashabiki wote wa Tottenham kwa neno la herufi Y. Angalieni hapa: wote, Myahudi na asiye Myahudi, na wengi wao si Wayahudi. Tena kulikuwa na watu waliofanya jambo baya zaidi. Walifunga meno, wakatoa sauti ya "ssss", maelfu kwa pamoja, kuigiza mlio wa gesi inapotoka. Fikirini mzee aliyepoteza mama yake na wadogo zake katika vyumba vile, amekuja kutazama mpira na mjukuu wake Jumamosi, anaisikia sauti hiyo kutoka upande wa pili wa uwanja.

Mashabiki wa Tottenham walijibu kwa namna ambayo hata sisi tunaijua. Walisema, "Mnatutukana kwa jina hilo? Vema, ndilo jina letu." Wakaanza kuliimba wenyewe. Waliosimama pamoja na Wayahudi wakalibeba na wao, wakajipaka tusi la wenzao mwilini ili asijulikane nani ni nani. Mtu akitupiwa jiwe, akaliokota na kulijengea nyumba, aliyelitupa atasema nini? Huku kwetu watani wa Yanga huwaita wenzao vyura, na watani wa Simba huwaita wenzao mikia, na wapo waliozoea hata hawanuni. Basi katika miaka ya 1980 neno lile likawa wimbo wa kawaida wa Tottenham, baba akamfundisha mwana, na mwana hakuambiwa habari za mashati meusi. Aliambiwa tu, "Hivi ndivyo tunavyojiita."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haujaisha mpaka leo. Nitawaeleza wanavyobishana, maana ni ubishi wa watu wenye akili pande zote mbili.

Wa upande wa kwanza husema hivi. Sisi hatumtukani mtu. Tunajiita wenyewe. Neno likitoka kinywani kwa mapenzi si tusi, na lile lililokuwa mkuki tumelifanya ngao. Mashabiki wengine wa Kiyahudi wa Tottenham huongeza jambo zito zaidi. Wanasema kwamba popote pengine duniani walijificha, lakini pale uwanjani palikuwa na maelfu ya watu wasio Wayahudi wakiimba kwa sauti kuu kwamba wao ni Wayahudi pamoja nao. Mtu aliyewahi kujificha anajua thamani ya jambo hilo. Mimi siwezi kulidharau.

Wa upande wa pili nao husema: jina hili si lenu kulitoa wala kulipokea. Mwenye nyumba ni Myahudi, na wengi wenu si Wayahudi. Mmelikuta mlangoni, mmeingia nalo sebuleni, sasa mnasema ni kiti chenu. Tena mnapoliimba, wapinzani wenu hupata kisingizio cha kuliimba pia, na wao huliimba kwa chuki. David Baddiel, mwandishi na mchekeshaji ambaye ni Myahudi na ni shabiki wa Chelsea, alitengeneza filamu fupi pamoja na ndugu yake mwaka 2011 kulieleza jambo hili. Ndani yake walitokea wachezaji mashuhuri, akiwamo Ledley King, aliyekuwa nahodha wa Tottenham. Baddiel alikuwa na haki ya kusema, maana yeye alikuwa akikaa katikati ya watazamaji wa Chelsea na kuyasikia matusi yakirushwa kuvuka uwanja, hayamlengi yeye lakini yanampata.

Mwaka 2012 jambo likatoka katika maneno. Tottenham ilikwenda Roma kucheza na Lazio mwezi wa Novemba. Usiku wa kuamkia siku ya mchezo mashabiki wake walikuwa wameketi katika baa moja, na kundi la watu waliofunika nyuso likawavamia kwa silaha, watu kadhaa wakajeruhiwa. Baadhi ya mashahidi walisema wavamizi walikuwa wakipiga kelele, "Wayahudi!" Siku chache baadaye, London, baadhi ya mashabiki wa West Ham waliwaimbia Tottenham nyimbo za kumtaja Hitler, na ile sauti ya "ssss" ikasikika tena. Kila upande wa ubishi ulichukua mambo hayo kuwa ushahidi wake. Wa kwanza walisema, "Mnaona? Tunapigwa kwa ajili ya jina hili, basi ni letu." Wa pili wakasema, "Mnaona? Si mchezo."

Mwaka uliofuata, 2013, Chama cha Mpira cha Uingereza kilitangaza kwamba kuimba neno hilo kwaweza kuwa kosa la jinai. Waziri Mkuu wa wakati ule, David Cameron, akasema ipo tofauti kati ya shabiki wa Tottenham anayejiita hivyo na mtu anayewatukania wengine. Polisi wakawakamata mashabiki watatu wa Tottenham. Mwezi wa Machi 2014 waendesha mashtaka wa serikali wakaziacha kesi zao, wakiona kwamba kwa jinsi neno lilivyotumika, na mahali lilipotumika, ushahidi hautoshi kuwatia hatiani. Kwa hiyo neno moja, katika nchi moja, katika majira moja ya mpira, lilikuwa ni kosa, si kosa, tena inategemea. Ninyi mnaojifunza kusoma msikate tamaa mkiona neno lina maana tatu. Hata mawaziri na polisi huwashinda.

Kilabu yenyewe mwishowe ikafanya jambo la busara: iliwauliza watu. Mwaka 2019 ilitoa maswali, na zaidi ya watu 23,000 wakajibu. Theluthi moja walisema wanalitumia neno hilo mara kwa mara katika mambo ya mpira. Karibu wote, watu 94 katika kila 100, walikiri kwamba laweza kuhesabiwa kuwa tusi la kibaguzi dhidi ya Myahudi. Na karibu nusu walitaka liimbwe kwa nadra au liachwe kabisa. Hapo nasimama kidogo. Watu 94 katika 100 wanajua, lakini nusu tu ndio wanaotaka kupunguza. Kumbe kujua hakumfanyi mtu aache. Sisi waalimu hupenda kudhani kwamba tukimweleza mtu, kazi imekwisha.

Tarehe 10 Februari 2022 kilabu iliwaomba mashabiki wake waachane na neno hilo. Haikusema kwamba walioliimba miaka arobaini walikuwa watu wabaya. Ilikiri kwamba walilichukua kwa kuwakinga wenzao. Ilisema tu kwamba nyakati zimebadilika. Je, uwanja ukanyamaza? Haukunyamaza wote. Wengine waliacha, na wengine huimba bado. Mtu aliyefundishwa wimbo na baba yake aliyekwisha kufa, akiambiwa auache, anaona kama ameambiwa amzike baba mara ya pili. Natamani tuwaelewe watu hao, ingawa mimi kibandani nimeacha kuimba.

Tuseme sasa juu ya utani, maana najua neno hilo liko midomoni mwenu tangu nilipotaja vyura. Sisi tuna utani wa jadi. Kabila na kabila huwa watani, babu na mjukuu huwa watani, hata msibani mtani huja na kumcheka maiti na hakuna anayekasirika. Lakini utani wetu una pande mbili zinazojuana, nawe unaponitania leo, mimi kesho ninakurudishia. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga ni watani wa namna hiyo. Chura na mkia si watu, hakuna ukoo uliochinjwa kwa jina la chura. Neno la herufi Y liko mbali na hapo. Linapigwa na shabiki mmoja kumlenga shabiki mwingine, na risasi inampata mtu wa tatu aliyekaa kando, ambaye hakuingia katika utani huo.

Tottenham hiyo hiyo inatupa mfano wa karibu zaidi. Mwezi wa Juni 2024 mchezaji wake Rodrigo Bentancur alikuwa kwao Uruguay, akihojiwa katika televisheni. Alipoombwa fulana ya mchezaji wa Korea akajibu kwa mzaha kwamba labda ya Son au ya binamu yake, kwa kuwa wote wanafanana. Son Heung-min ndiye aliyekuwa nahodha wake! Bentancur aliomba radhi, na Son akaipokea, akasema wao bado ni ndugu. Hata hivyo Chama cha Mpira cha Uingereza kilimfungia michezo 7 na kumtoza faini ya paundi 100,000. Wengine waliuliza: ikiwa aliyekosewa amesamehe, hao wengine wanadai nini? Jibu lao ni kwamba hakumkosea Son peke yake. Alisema "wote". Son hawezi kusamehe kwa niaba ya Wakorea wote, na bila shaka yeye mwenyewe hakudai uwezo huo.

Nanyi mtaniuliza, "Mwalimu, na mtu mweusi je?" Habari yake ni ndefu kuliko ya neno la herufi Y, nami nitachukua kipande tu. Mwaka 1909 Tottenham ilikuwa na mchezaji aitwaye Walter Tull, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Barbados. Walipokwenda kucheza Bristol, sehemu ya watazamaji walimtukana kwa maneno ambayo mwandishi wa gazeti aliyafananisha na lugha ya soko la samaki, tena akasema ni ya chini zaidi. Mwandishi huyo aliandika pia kwamba Tull alikuwa safi wa akili na mwenendo, mfano kwa wachezaji weupe wote. Baadaye Tull akawa afisa katika jeshi la Uingereza, akauawa vitani Ufaransa mwezi wa Machi 1918. Miaka 60 ikapita kabla ya Viv Anderson kuwa mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu kubwa ya taifa ya Uingereza katika mchezo kamili, mwezi wa Novemba 1978. Na mwaka 1988 John Barnes wa Liverpool, akicheza na Everton, alitupiwa ndizi, akaipiga kwa kisigino ikatoka nje ya mstari. Picha yake ilienea sana. Watu hupenda kuisifu kwa utulivu wake, na kweli alitulia, lakini mimi nikiitazama huwaza juu ya yule aliyetoka nyumbani asubuhi, akapita sokoni, akanunua ndizi, akalipa, akaitia mfukoni.

Sheria ilikuja mwaka 1991. Bunge la Uingereza liliamua kwamba kuimba maneno ya kibaguzi uwanjani ni kosa. Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu. Ilisema kosa ni kuimba pamoja na mtu mwingine. Mtu aliyepiga kelele peke yake hakuguswa nayo! Ilibidi wangoje mpaka mwaka 1999 waongeze maneno machache yanayosema iwe peke yake au pamoja na wengine. Ndiyo faida ya kusoma kila neno katika karatasi kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo nimekuwa nikiwaimbia ninyi tangu somo la kwanza.

Mnaona safari yake. Mwaka 1909 ni mwandishi mmoja tu aliyekasirika. Mwaka 1988 uwanja mzima uliona ndizi, na mchezo ukaendelea. Mwezi wa Julai 2021 timu ya Uingereza iliposhindwa na Italia katika mwisho wa Kombe la Ulaya, vijana watatu weusi waliokosa penalti, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walitukanwa vibaya katika simu za watu duniani kote. Picha ya Rashford iliyochorwa ukutani huko Manchester iliandikwa maneno machafu. Kesho yake watu wa mtaa ule, wazee na watoto wa shule, walikuja wakaufunika ukuta kwa vikaratasi vya kumtia moyo, mpaka pasipate pa kubandika kingine. Matusi hayajaisha. Lakini mwaka 1988 ukuta kama huo haungefunikwa.

Sasa tutoke London, turudi nyumbani. Nina jambo la kuwaeleza juu yangu.

Zamani kidogo, nilipokuwa kijana nikifundisha shule moja ya kijijini, tulikuwa na mchezo kila Jumapili. Mshika kibendera upande wetu alikuwa mtu mwenye ualbino, mwenye kofia pana na shati la mikono mirefu kwa ajili ya jua. Siku moja alinyanyua kibendera na goli letu likakataliwa. Watu wakampigia kelele, wakimwita zeruzeru, na kumwuliza kama macho yake yanaona. Mimi nilikuwamo. Mwalimu mzima, nimevaa tai, nilipiga kelele pamoja nao, na nilicheka. Jioni nilikwenda kunywa chai kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi njia panda. Nikamkuta yule bwana ameketi pale. Alisimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba." Akaketi. Halafu akasema polepole, bila hasira, "Leo sauti yako niliijua." Tukanywa chai. Sikupata neno la kumjibu, na alihama kabla sijalipata.

Wakati ule, kama mngeniuliza, ningesema zeruzeru si tusi, ni Kiswahili tu, ndivyo tulivyofundishwa na wazazi. Ni maneno yale yale ya shabiki wa Tottenham. Baadaye watu wenye ualbino wenyewe wakasema hawalitaki. Hapo Tanzania chama chao kiliitwa kwanza Chama cha Albino, kisha kikabadili jina kikawa Chama cha Watu Wenye Ualbino, ili neno "watu" litangulie. Na baada ya mauaji ya kutisha ya miaka ya 2000, ambayo watu wenye ualbino waliwindwa kwa ushirikina, hakuna aliyeweza kusema tena kwamba jina halina uzito.

Lakini msikimbilie kufuta maneno yote. Wapo wazee wanaosema kipofu, kiziwi na kiwete ni maneno mabaya kwa sababu yanaanza na ki-, kama kiti na kikapu, mtu akafanywa kitu. Wanaona vizuri, nami nakubali kwa sehemu. Chama cha wasioona cha Tanzania hujiita hivyo, Chama cha Wasioona, hakisemi vipofu. Lakini viziwi wa Tanzania wana chama chao nao, na jina lake ni Chama cha Viziwi. Wao hawaoni aibu kwa neno hilo, wamelishika kwa mikono miwili. Neno la namna moja, wenyewe wawili, majibu mawili. Kwa hiyo mimi, nikiwa mtu ninayeona na kusikia, sina budi kuuliza kabla ya kusema. Inachosha kidogo, sikatai.

Muda wetu unakaribia kwisha. Chukueni kalamu. Andikeni katika madaftari maneno haya: shabiki, utani, tusi, ubaguzi, mshika kibendera. Msimamizi atawasahihishia neno "mshika kibendera", ni maneno mawili, msiyaunge. Kisha zungumzeni darasani juu ya swali hili. Katika kijiji chenu, au mtaa wenu, ni jina gani ambalo watu huitwa uwanjani, sokoni au kwenye basi, nanyi mnadhani ni mzaha? Yupo hapo darasani mtu anayeitwa hivyo? Kama yupo, na kama anapenda, mwacheni aseme yeye wa kwanza. Kama hapendi, msimlazimishe.

Atakayeandika jibu lake, hata kama ni sentensi tatu tu, mumpe msimamizi naye atatuletea kwa posta. Barua za juma lililopita nimezipata, na yule mama aliyeuliza juu ya samadi ya mbuzi atajibiwa Alhamisi. Somo lijalo tutajifunza kusoma risiti na kuhesabu chenji, kwa hiyo kila mmoja aje na risiti moja ya dukani. Kwaherini.